Vidokezo vya baharini vinapogoma: tiba za chemshabongo kwa dalili

"Nimekwama 14 wima. Mtu wa chomboni, herufi saba." Ujumbe wa namna hiyo ninaupata zaidi ya maswali ya siasa, mpira na miji mikuu ya dunia yakichanganywa. Natunga chemshabongo kwa miaka sasa, na nikitia kona moja tu ya bahari, simu inaanza kulia Jumapili asubuhi.

Wengi hudhani dawa ni kujifunza maneno mapya. Ninavyoona, mara saba kati ya kumi neno mtu analo mdomoni tangu utotoni. Hajui tu kwamba neno hilo lina kazi nyingine likishuka pwani. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia kamusi, pitia dalili zifuatazo. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana, nikamalizia na ile ya nadra. Usiruke. Na tumia penseli, kalamu ya wino ni kiburi. Namba kwenye mabano ni idadi ya visanduku.

Dalili ya 1: Neno unalijua, lakini linazidi visanduku au linapungua

Haya ni mafua ya chemshabongo, kila mtu huugua.

*Umoja na wingi.* Soma viambishi vya kidokezo kabla ya kusoma maana. "Chombo kidogo cha mbao" ni DAU (3). "Vyombo vidogo vya mbao" ni MADAU (5). MLINGOTI (8) ukiwa zaidi ya mmoja ni MILINGOTI (9), na hicho kisanduku kimoja kimewahi kuniletea simu nne kwa siku moja. NANGA, DIRA na MELI hazibadiliki kwa wingi, hapo unapumua.

*KU- ya kitenzi.* "Pandisha tanga" ni TWEKA (5). "Kupandisha tanga" ni KUTWEKA (7). Kidokezo kikianza na ku-, jibu nalo lianze na ku-. Mtunzi asiyefuata hilo anastahili lawama zote unazompa.

*-NI ya mahali.* Sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapojikusanya, ni NGAMA (5). Ukiulizwa maji hayo hufutwa wapi, jibu ni NGAMANI (7).

*CH, SH, DH, NY.* Watunzi wengi huzipa visanduku viwili, wachache kimoja. Kagua hivi: tafuta kidokezo ambacho huna shaka nacho hata chembe. Kama "Mkuu wa chombo" kimepewa (6) badala ya (7), basi NAHODHA amehesabiwa DH kwa kisanduku kimoja, na fumbo zima litakwenda hivyo: CHOMBO itakuwa 5, JOSHI itakuwa 4. Ritifaa ya NG'OA haina kisanduku chake. Nimewahi kuona mtu ameichora katikati ya kisanduku kama nzi aliyetua.

*Lahaja.* Ngalawa na galawa, batela na betela, usukani na msukani, goshi na joshi. Sababu hii ni ya mwisho hapa kwa makusudi, kwa sababu watu wa Lamu na Mombasa huianza na kumshutumu mtunzi kwamba hajui Kiswahili, kumbe wamesahau wingi.

Dalili ya 2: Linaingia sawasawa, kisha linagongana na majirani

Hapa umekutana na pacha: maneno mawili ya urefu mmoja ambayo kidokezo kinayaruhusu yote.

Turudi kwa yule wa 14 wima. "Mtu wa chomboni (7)." Alijaza NAHODHA. Mlalo wa juu ulikuwa umempa A ya pili, mwingine H ya tatu, na A ya mwisho ilikuwa imekaa vizuri. Akaona mambo safi. Tatizo likaanza kisanduku cha nne, ambapo mlalo ulitaka A naye ana O. Alifuta ule mlalo mara tatu. Jibu lilikuwa BAHARIA. Ziweke moja chini ya nyingine uone mtego ulivyo:

N A H O D H A
B A H A R I A

Herufi tatu zinafanana, tena zile ambazo mtu huziamini. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kwa pacha ni kutohesabu herufi zinazofanana kuwa ushahidi. Tafuta herufi moja tu ambayo pacha hawana pamoja, uisake kwenye mlalo unaoipita, halafu ndipo uandike.

Pacha wengine wa kukariri:

NANGA na BAURA (5). Zote huzuia chombo kisichukuliwe na maji, zote zina A ya pili na A ya mwisho. Baura ni ile kubwa ya Kizungu yenye makombe mawili, yaani ncha za kushikia chini ya maji, basi kidokezo kikitaja makombe au Uzungu, ni hiyo.

GATI na GUDI (4). Gatini meli hufunga kamba ikashusha shehena na abiria. Gudini huingizwa kutengenezwa. Kuna pia CHELEZO (7), ambalo lina maana ya pahali pa kuundia na kutengenezea vyombo, na maana ya kitu kinachoelea kama boya.

MLINGOTI na FOROMALI (8). Pacha hawa nawapenda kuliko wote. "Mti wa kubebea tanga" unawafaa wote wawili. Mlingoti umesimama kutoka ndani ya chombo kwenda juu. Foromali ndio ule mrefu unaopandishwa juu ya mlingoti ukiwa umekaa mshazari, na tanga lenyewe limefungwa kwenye foromali. Jahazi likikaribia bandarini, kinachoshuka ni foromali, mlingoti unabaki. Kidokezo kikiwa na kitenzi cha kupanda au kushuka, usijiulize mara mbili.

MANOWARI na NYAMBIZI (8). Kama kuna neno "chini" au "zama" kwenye kidokezo, ni nyambizi.

JAHAZI na MASHUA (6) hutenganishwa na ukubwa: jahazi ndilo kubwa. NGALAWA na MTUMBWI (7) hutenganishwa na ile miti ya pembeni inayoizuia ngalawa isipinduke, MRENGU (6) kwa umoja wake.

Dalili ya 3: Kidokezo ni cha bahari, nawe kila ukifikiri unapata neno la nchi kavu

Au kinyume chake. Hapa ndipo vidokezo vizuri vinapozaliwa, na ndipo simu nyingi zinapotoka.

Sababu kubwa ni moja: neno lina maisha mawili. Chukua SIFA (4). Kila mtu anajua sifa za bibi harusi. Lakini sifa pia ni mafuta ya papa yanayopakwa kwenye mbao za chombo zisiliwe na maji, na ukishayanusa huyasahau. Niliwahi kuandika "Chombo huipenda ijapokuwa inanuka (4)". Msomaji mmoja akaniandikia kwamba nimekosea, sifa hazinuki. Mwanawe aliyekulia Nungwi, kijiji cha waunda vyombo kule Zanzibar, ndiye aliyemaliza ubishi.

Na tukisema ubishi: BISHA (5). Unabisha hodi, unabisha hoja, na nahodha anabisha pale upepo unapotoka anakotaka kwenda. Hawezi kuukabili uso kwa uso, basi anakwenda kwa kuukata, mara upande huu mara upande ule, mpaka anafika. Kidokezo "Pinga upepo" kimewatesa watu wengi waliokuwa wanatafuta neno la ajabu.

TANGA (5) ni kitambaa, ni mji wa kwetu, ni kuzurura bila mpango. TEZI (4) wengi wanaijua hospitalini, lakini chomboni ni sehemu ya nyuma. OMO (3) kwa watu wa mjini ni sabuni ya unga, kwa baharia ni mbele ya chombo. DIRA (4) serikali huiandika ya miaka ishirini na mitano, baharia huitazama kujua kaskazini iko wapi. RUBANI (6) siku hizi amepanda ndegeni, ila bandarini bado yupo: ndiye anayeongoza meli kuingia na kutoka, na waliojaza NAHODHA hapo hulalamika kwamba visanduku vimepungua.

Halafu kuna KANA (4). Ni "kama", ni "kataa", na ni kitu cha tatu ambacho mimi mwenyewe nilikijua kwenye karatasi tu. Nilikuwa nimeandika "Mkono wa usukani", kisha nikaingiwa na wasiwasi. Nikashuka diko la Sahare, yaani pale vyombo vinapotua, asubuhi, maji yamekupwa, mashua zimelala ubavu kama ng'ombe. Nikamwamkia mzee aliyekuwa anakunja kamba. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umepotea?" Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Akanipandisha, akaniambia nishike. Ulikuwa mti mfupi, umelainika kwa viganja vya watu mpaka unang'aa, umeingia kwenye kichwa cha usukani. Akaniambia nisukume kushoto. Nikasukuma. "Sasa ungekuwa majini, ungekwenda kulia. Hiyo ndiyo kana. Kwani nyinyi huko mnaiitaje?" Sikuwa na jibu la kumpa. Kidokezo nilikibadilisha kikawa "Ukiisukuma kushoto chombo huenda kulia (4)", na tangu hapo sijapata malalamiko juu yake.

Kipimo cha haraka kwa dalili hii: ziba kwa kidole neno la bahari lililomo kwenye kidokezo, usome kilichobaki. "Pinga ___." "Nyuma ya ___." Jibu la nchi kavu likijitokeza na herufi zinatosha, liandike kwa penseli nyepesi. Mara nyingi ndilo.

Sababu ya nadra ni neno ambalo kweli hujawahi kulisikia, kama HENZA (5), kamba nene ya kupandishia foromali, au FARUMI (6), mawe au mchanga unaotiwa chini ili chombo kisiyumbe kikiwa kitupu. Haya huwezi kuyakisia. Yaache majirani yakupe herufi tatu kwanza.

Dalili ya 4: Unajua ni upande wa chombo, hujui upi

Hesabu herufi, kazi imekwisha nusu. Mbele: OMO (3) au GUBETI (6). Nyuma: TEZI (4) au SHETRI (6).

Kinachowachanganya watu ni pande za upepo. JOSHI (5), wengine GOSHI, ni upande upepo unakotoka. DEMANI (6) ni upande unakokwenda. Ukisahau, kumbuka methali ya dau la mnyonge haliendi joshi: kwenda joshi ni kuupanda upepo, jambo gumu, mnyonge haliwezi. Kwa hiyo kidokezo chenye harufu ya ugumu ni joshi, chenye harufu ya nafuu ni demani.

Angalizo: demani ni neno la kazi tatu. Ni upande, ni kamba ya kuzuilia tanga, tena ni majira, zile pepo laini za mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijashika. Ukiona "majira (6)" usiharakishe kuandika KASKAZI, hiyo ina 7. KUSI ina 4.

Dalili ya 5: Methali ina pengo, nawe unaijua kwa maana tu

"Manahodha wengi, chombo huenda ____ (5)." Kuna mtu alijaza VIBAYA akaona kisanduku kimoja kinapungua, akaandika VIBAY. Ni MRAMA, yaani kuyumba ubavu kwa ubavu. "Chombo cha kuzama hakina ____ (7)": USUKANI. "Mchelea bahari si ____ (7)": MSAFIRI. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ____ (7)": tulishaipita juu, rudi dalili ya 1.

Methali haikisiwi kwa maana. Isome kwa sauti mara mbili, ulimi utaimalizia. Ukishindwa, mpigie shangazi.

Dalili ya 6: Kila jina la kawaida linakataa

Tazama kama kidokezo kina mwaka, ziwa au mji. Kama kinao, acha kutafuta aina ya chombo, unaulizwa chombo kimoja chenye jina lake.

"Ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927 (6)." Ni LIEMBA ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani, mjini Papenburg, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha isitekwe. Mtu aliyejaza MASHUA hapo sina la kumwambia.

"Merikebu ya Seyyid Said iliyotia nanga New York 1840 (7)" ni SULTANA.

Sababu nyingine ya dalili hii ni kidokezo cha chombo ambacho hakipo tena majini. "Kilishonwa kwa kamba, hakikupigwa misumari (5)." Watu hukataa kuandika MTEPE kwa sababu hawajawahi kuuona. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mwaka 2003 mafundi waliunda mmoja Zanzibar kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib. Neno "shona" kwenye kidokezo cha chombo lina jibu hilo tu.

Dalili ya 7: Kona nzima imeganda

Visanduku ishirini na kitu, hakuna kinachosogea. Sababu ya kawaida ni jibu moja la mwanzo uliloliandika kwa kujiamini. Litafute: ni lile ambalo hukulikagua kwa sababu "linajulikana". Lifute hilo peke yake, usifute kona yote, kisha usome vidokezo vyake vya mlalo upya kama vile hujawahi kuviona. Likikataa, futa la pili kwa kujiamini. Ukifuta matatu na bado, laza fumbo hadi kesho.

Sababu ya pili ni ulinganisho wa namba. Hesabu visanduku vya 1 mlalo, halafu vya kidokezo cha mwisho kabisa. Kama vyote viwili havilingani na idadi iliyotajwa, jedwali na vidokezo havikuoana. Gazeti moja nililolifanyia kazi liliwahi kuchapisha jedwali la wiki iliyopita na vidokezo vya wiki hii. Watu waliamka nalo saa kumi na mbili asubuhi, wengine wakalifia hadi jioni, na mmoja alidai amelimaliza.

Hapa simama

Simama ukiwa na milalo miwili uliyoithibitisha kwenye kamusi na bado inapingana na wima mmoja. Hilo si kosa lako tena. Mwandikie mhariri, taja namba za vidokezo na herufi ulizonazo. Usirekebishe jedwali mwenyewe kwa kuweka kisanduku cheusi kwa kalamu, maana utaharibu na yale yaliyokuwa sawa.

Simama pia usije ukadhani msamiati ni ujuzi. Kujua kwamba kulegeza demani kunapunguza upepo tangani hakukupi ruhusa ya kuichukua mashua ya binamu na kutoka nayo wakati wa kusi. Kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, chemshabongo ijaziwe barazani. Na ukipanda chombo chochote, vaa jaketi la kujiokolea, hata kama unajua majina ya kamba zote.

Mwisho, simama neno linapogoma hata kwenye kamusi, au kamusi mbili zinapolieleza tofauti. Hiyo hutokea sana kwenye majina ya kamba na ya kazi za fundi, kama KALAFATI (8), kuziba nyufa za mbao kwa pamba, au DEHENI (6), mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa chini ya chombo. Hapo mtafute fundi wa vyombo au nahodha wa siku nyingi: Nungwi, Matondoni kule Lamu, au diko lolote lililo karibu nawe. Nenda maji yakiwa yamekupwa, wakati huo wana nafasi. Amkia kwanza. Na usimpe jibu unalolitaka. Ukimuuliza, "Mzee, kamba hii si ndiyo jarari?" atakuitikia kwa adabu, nawe utarudi nyumbani na kosa lako lile lile. Weka kidole kwenye kamba, umuulize inaitwaje, kisha nyamaza.